Punda Mia Sita wa Boma la Ukomo

Nchi ninayoisimulia haipo. Niliiuliza serikali yake, nayo ikanijibu kwa barua yenye muhuri kwamba haipo, haijawahi kuwapo, na kwamba nikiendelea kuuliza nitakamatwa na polisi wake. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuchungulia dirishani.

Katika nchi hiyo isiyokuwapo upo mji mdogo uitwao Ukomo. Ulianza kama boma la mpakani, miaka tisini na minne kabla ya mwaka ninaousimulia, pale Mtukufu Mkuu wa siku hizo alipoota kwamba adui anakuja kutoka ng'ambo ya Mto Kibasa. Alipoamka alimtuma Kapteni Sururu, na askari arobaini na punda kumi na mmoja, wakajenge boma juu ya kilima na kumtazama adui asipite. Adui hakupita. Hakuwa na haja, maana mihogo yote ilikuwa upande wake.

Kapteni Sururu alikuwa mtu wa kanuni. Inasemekana siku alipoumwa na nyoka alifungua kwanza kitabu cha Kanuni za Maboma, aone kama nyoka yule alikuwa na kibali cha kuingia. Sasa, Kanuni ya Tisa ya kitabu hicho ilisema hivi: ndani ya boma asionekane mwanamke. Na Kanuni ya Kumi: ndani ya boma wawepo punda kumi na mmoja, wasipungue.

Mwezi mmoja haukutimia, punda wakawa wameisha. Wanne waliliwa na simba, sita walivuka mto wakajiunga na adui, na wa mwisho aliliwa na askari wenyewe, ingawa taarifa rasmi inasema alijiua. Mwezi huohuo askari kumi na mmoja nao walivuka mto, si kwa vita, wakarudi kila mmoja na mke.

Kapteni aliumiza kichwa siku mbili. Mbele yake walisimama wanawake kumi na mmoja wasioruhusiwa kuwapo, na pengo la punda kumi na mmoja wasioruhusiwa kukosekana. Siku ya tatu alichovya kalamu, akaandika katika Daftari la Boma: "Punda: kumi na mmoja, wote majike, hali njema. Wa kwanza ni mrefu, mcheshi. Wa pili anapika. Wa tatu anamgombeza Sajini." Akatia saini, akala ugali wake kwa amani, maana uliopikwa na punda wa pili ulikuwa mtamu kweli.

Na azaliwaye na punda ni nani kama si punda? Watoto wakaingizwa daftarini mmoja mmoja, kwa rangi na kwa meno. Makao Makuu yaliposoma jinsi punda wa Ukomo wanavyozaana yalifurahi, yakamtunuku Kapteni Nishani ya Ufugaji Bora, daraja la pili. Daraja la kwanza lilikuwa limeshachukuliwa na mlisha bata wa Ikulu.

*

Miaka ikaenda. Askari walizeeka, wakafa, wakafutwa daftarini kwa wino mwekundu. Wana wao hawakuweza kushika nafasi zao, kwa sababu punda haapishwi. Kisha mpaka wenyewe ukahama: wakubwa wa nchi mbili walikutana kwenye karamu, wakashiba, wakapeana ardhi kama watu wanavyopeana mifupa ya kuku, na mpaka ukaruka mwendo wa siku tatu ng'ambo ya mto. Barua ya kuwaarifu watu wa Ukomo ililetwa. Lakini ilikuwa imeandikwa kwa Kamanda wa Boma, Kamanda alikuwa amekufa, na tarishi alikataa katakata kumkabidhi punda barua ya siri. Akarudi nayo.

Ndiyo maana hadi mwaka ninaousimulia, Ukomo palikuwa ni boma la mpakani lililo katikati ya nchi, lenye askari sifuri, adui sifuri, na punda mia sita na kumi na wawili waliokuwa wakilima, wakijenga, wakioana na kusutana kama raia wa mahali pengine popote. Walikuwa na koo kumi na moja. Ukienda kuposa kwenye ukoo wa Punda wa Tatu, walikuambia mapema ujiandae kugombezwa.

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa kwanza, serikali iliwakumbuka. Alikuja Bwana Mifugo, jina lake Kitwana, mtu mrefu mwenye pikipiki fupi. Watu walipanga foleni kwa koo. Aliwatazama meno, akawapapasa migongo, akaandika "hali njema", akampa kila mmoja bonge la chumvi. Alikuwa na mkono mwema. Aling'oa meno, aliunga mifupa, na mama aliyejaliwa kupata uchungu mwezi wa kwanza alijifungua salama mikononi mwake. Miezi kumi na mmoja iliyobaki hapakuwa na mganga. Wizara ya Afya ilisema punda si wake. Wizara ya Mifugo ilisema punda mwenye afya hahitaji kuonwa zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Usidhani watu walinung'unika. Mwenyekiti wa Kundi, Mzee Mafungu, alikuwa na hoja ambayo hakuna aliyewahi kuijibu.

"Mtu analipa kodi ya kichwa," alisema. "Mtu anaitwa vitani. Mtu anashurutishwa kumpigia makofi Mtukufu juani. Punda anapewa chumvi. Sasa hapo nani punda?"

Na watu walicheka, wakalamba chumvi yao.

*

Aliyekuwa hacheki alikuwa Semeni binti Kondo, miaka kumi na tisa, wa ukoo wa Punda wa Tatu, katika daftari Na. 417. Mwaka uliotangulia dada yake, Sijaona, alipata uchungu mwezi wa nne. Mtoto alikaa vibaya. Wanawake walifanya walichokijua, kisha wakafanya wasichokijua, na siku ya pili wakachimba kaburi moja la watu wawili. Bwana Mifugo alipokuja mwezi wa kwanza aliita "Na. 409" mara tatu kabla mtu hajamwambia.

Semeni alikuwa amesoma ng'ambo ya mto, katika shule ya waliokuwa adui, ambako hakuna aliyemuuliza nambari. Alifaulu. Chuo cha Ukunga cha mji mkuu kikamwandikia: afike Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa na cheti cha kuzaliwa, asipofika nacho, nafasi yake itapewa mwingine. Barua ilimkuta Jumanne. Jumatano alikuwa mkoani, dirisha la tatu, mbele ya karani aitwaye Chogo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Cheti cha nini?"

"Cha kuzaliwa. Natoka Ukomo."

Chogo akavuta nakala ya Daftari la Boma, akapuliza vumbi. "Semeni, Semeni... Upo. Jike, rangi ya kahawia, meno mazuri. Hongera kwa meno."

"Asante. Lakini mimi ni mtu."

"Nakuona."

"Sasa?"

"Sasa kuona si kazi yangu, dada. Kazi yangu ni kusoma." Akageuza daftari amwonyeshe. "Punda hutoka humu kwa njia tatu. Kuuzwa mnadani, kustaafu akitumika vitani miaka ishirini na mitano, au kufa."

"Chuo kinafunguliwa Jumatatu."

"Basi kufa ndiyo ya haraka," alisema Chogo kwa moyo wa kusaidia. "Fomu ninazo."

Semeni akarudi Ukomo kwa miguu, na hasira zikamfikisha kabla ya jua kuzama. Bwana Mifugo Kitwana alipopata habari alipanda pikipiki yake, ingawa haukuwa mwezi wa kwanza, akaja na kitabu cha Kanuni za Maboma kifuani. Alikuwa amekisoma chote, jambo ambalo hakuna ofisa aliyewahi kulifanya, kwa kuwa kusoma kanuni hupunguza kasi ya kazi.

"Kanuni ya Sitini na Tatu," akamwambia Semeni na mama yake, Bi Siwema. "Punda anayetiliwa shaka apimwe na Kamati, sambamba na punda asiyetiliwa shaka. Atakayeshindwa vipimo vyote si punda, na apewe hati ya kuzaliwa hapohapo. Nimeomba Kamati ije Jumamosi. Wamekubali, kwa sababu hawajawahi kufika huku na wamesikia kuna samaki."

"Vipimo gani?" akauliza Semeni.

"Kubeba, kula majani, kuvumilia na kutii."

Bi Siwema alimtazama mwanawe kuanzia kichwani, palipokuwa na kata ya kubebea ndoo, mpaka miguuni palipopasuka. "Mwanangu," akasema, "hapo umekwisha."

*

Jumamosi lori la mkoa likapanda kilima. Mbele, kwenye kiti cha dereva na wakubwa, aliketi Mheshimiwa Pazi, Afisa Mkuu wa Mali Zenye Miguu, aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati. Nyuma walisimama Katibu, mjumbe mmoja mwembamba, na punda jike wa kahawia, asiyetiliwa shaka, aliyeazimwa kwa ajili ya ulinganisho. Ndiye punda wa kwanza kukanyaga Ukomo kwa miaka tisini na minne. Watoto walimkimbia.

Mheshimiwa alipanda juu ya kreti akahutubia.

"Ndugu wananchi..." Katibu akamnong'oneza. "Ndugu mifugo," akajirekebisha, "serikali ya Mtukufu inawapenda sana. Serikali ina mbuzi, ina kondoo, ina hata mamba mmoja wa sherehe, lakini katika moyo wake mna nafasi ya punda. Leo mwenzenu mmoja anasema yeye si punda. Serikali haijakasirika. Serikali imeshangaa tu, na mshangao wake una kanuni."

Watu wakapiga makofi, wakakumbuka hawalazimiki, wakaacha.

Kipimo cha kwanza, kubeba. Semeni alikuwa ameshajipanga. Aliletewa ndoo, akaitazama kama kitu asichokijua.

"Siwezi," akasema. "Nzito."

Mheshimiwa akauliza kama kuna shahidi. Mzee Mafungu akasimama, kofia mkononi. Simlaumu. Alikuwa na punda mia sita na kumi na mmoja wa kuwafikiria.

"Mheshimiwa, huyu anasema uongo. Hubeba ndoo mbili za maji kila asubuhi kutoka mtoni, moja kichwani na moja mkononi, tangu ana miaka saba. Na kuni juu yake. Na mtoto wa jirani mgongoni, akiombwa."

"Mzee Mafungu," akasema Bi Siwema, "na hayo maji ya kwako ya kunawa miguu, hukumbuki nani huyaleta?"

"Ndiyo ninayoyasema, Bi Siwema. Nashuhudia kwa miguu safi."

"Amefaulu," Katibu akaandika.

Kipimo cha pili, majani. Wakauliza jana alikula nini. Semeni akasema nyama. Watu wakaguna kwa uongo mkubwa namna ile, na ikabainika kuwa jana alikula kisamvu, juzi mchicha, na siku iliyotangulia matembele, kama kila mtu Ukomo. Amefaulu. Kipimo cha tatu, kuvumilia: Katibu akatazama saa, akasema msichana ameshasimama juani muda wote wa hotuba bila kuuliza kwa nini. Amefaulu, tena vizuri.

Kikabaki cha kutii. Semeni aliona Jumatatu inavyosogea mbali.

"Keti chini," Mheshimiwa akaamuru.

Semeni akabaki amesimama, kidevu juu.

"Basi simama."

Semeni hakujua aanguke au afanye nini.

"Amesimama," Katibu akasema akiandika. "Ametii."

Bi Siwema alijifunika uso kwa kanga. Mheshimiwa akatangaza kwa furaha kwamba Na. 417 ni punda kamili, mfano wa kuigwa, na kwamba sasa, kwa utaratibu tu, wampime yule wa ulinganisho, kisha waende kwenye samaki.

Wakamletea yule punda mzigo. Akaulalia. Wakambeba wao wenyewe wakamsimamisha, wakamfunga mzigo upya. Akajitikisa, ukamwangukia Katibu mguuni. Wakamwekea majani. Akayanusa, akageuka, akala mkate wa dereva. Wakamwambia avumilie jua. Akatembea akaingia kwenye kivuli cha Kamati, akasimama mahali pa Mheshimiwa. Wakamwamuru atoke. Akamtazama Mheshimiwa kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali walipoonana, na hakutoka.

Katibu akajumlisha. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mheshimiwa, huyu ameshindwa vyote."

"Lakini huyu ni punda," akasema mjumbe mwembamba.

"Wewe ni daktari?" Mheshimiwa akamkata. Akamgeukia Kitwana. "Bwana Mifugo, kitaalamu?"

Bwana Mifugo Kitwana alivua kofia, akamchungulia mnyama meno kwa dakika nzima. "Kitaalamu," akasema polepole, "kanuni inasema atakayeshindwa vipimo vyote si punda. Haisemi atakayeshindwa kati ya hawa ni yupi. Mimi naweza kubishana na punda, Mheshimiwa. Sithubutu kubishana na kanuni ya Mtukufu."

Mheshimiwa Pazi hakuwa mjinga. Alijua alichokuwa akikiona. Lakini alijua pia kwamba aliyemtangulia katika cheo kile alifukuzwa kwa kuacha kanuni akafuata macho yake. Akatoa hati kwenye mkoba, akafungua kalamu.

"Jina la aliyeshindwa?"

Dereva hakujua. Katibu hakujua. Punda alikuwa akimalizia mkate.

"Anaitwa Semeni," akasema Semeni.

Watu wa Ukomo wote walisikia. Bi Siwema akashusha kanga. Mzee Mafungu akafumbua kinywa, na Bi Siwema akamtazama kwa jicho la Punda wa Tatu, mzee akakifumba.

"Semeni nani?"

"Semeni binti Kondo."

"Mama yake?"

"Siwema binti Abdi. Wa hapahapa Ukomo. Amezaliwa tarehe sita mwezi wa sita, miaka kumi na tisa iliyopita."

"Mkubwa kwa umri wake," akasema Mheshimiwa, akaandika, akagonga muhuri. Kwa kuwa kanuni ilitaka hati akabidhiwe mhusika mwenyewe, alimnyooshea punda. Punda akaipokea kwa meno. Semeni aliwahi kuinyakua ikiwa imekwisha kona moja tu.

Samaki waliliwa. Wakati wa kuondoka ikatokea shida ndogo: raia haruhusiwi kusafirishwa nyuma ya lori la mifugo. Wakajadiliana, wakasoma, wakakubaliana. Lori liliteremka kilima yule raia mpya akiwa ameketishwa mbele karibu na dereva, kichwa nje ya dirisha, na Mheshimiwa Pazi amesimama nyuma akishikilia kamba.

Bi Siwema alishika hati ile juu chini, maana kusoma hakujui, akaitazama hivyohivyo. "Umezaliwa mara ya pili," akasema. "Na safari hii sikuumia."

*

Chuoni, Jumatatu saa tatu na nusu, msajili aliuliza kona ya cheti imeliwa na nini. Semeni akasema ilipita mikononi mwa mheshimiwa mmoja wa mkoani. Msajili akaitikia kwa kichwa, maana vyeti vingi vilimfikia hivyo.

Alisoma miaka mitatu. Kila mwezi wa kwanza Bwana Mifugo aliita Na. 417, kisha akaandika: "Yuko malishoni, mbali kidogo." Na miaka ile mitatu mama wawili wa Ukomo walikufa, mmoja mwezi wa saba, mmoja mwezi wa kumi. Sitatania hapo.

Alirudi na sanduku, mizani na leseni. Ile leseni ndiyo iliyobadilisha mambo, kwa sababu sheria ya nchi ile inasema: aliyepokelewa na mkunga mwenye leseni, mkunga atamwandika kuwa raia. Haisemi mama yake awe nani. Semeni alipokea mtoto wa kwanza mwezi wa pili, akaandika katika fomu: mvulana, kilo tatu, raia. Wa pili mwezi wa tatu. Wa tatu alikuwa mjukuu wa Mzee Mafungu, mwezi wa nne, miguu mbele, saa kumi na mbili za taabu. Akatoka mzima, na mama yake akaishi.

Mzee Mafungu alikuja kumtazama, akiwa amevua kofia.

"Nasikia huyu atalipa kodi," akasema.

"Akikua, babu."

"Akikua," akarudia Mzee Mafungu. Akakaa pale akimwangalia, na lile neno akaliacha kinywani, kama chumvi.

Baada ya miaka miwili Wizara ya Mifugo ilishtuka. Daftari la Ukomo lilikuwa halijaongezeka hata punda mmoja. Vikao viliketi. Mtaalamu mmoja akalaumu hali ya hewa, mwingine akalaumu maadili. Mwisho ikaamuliwa kwamba tatizo ni upungufu wa madume bora, na kwa gharama ya serikali likaletwa dume moja jeusi, la ukoo mzuri, lenye utepe mwekundu shingoni, na maelekezo kwamba lisichoshwe.

Siku ya tatu yake mtu alikuja mbio kutoka bondeni: kuna mama amekwama ukingoni mwa mto, uchungu umemshika, hawezi kupanda kilima. Semeni hakuuliza maelekezo. Alilifungua dume, akaliteremsha bondeni, wakamketisha yule mama na kumshikilia kila upande, wakampandisha polepole. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, msichana, kilo tatu na robo, mwenye sauti ya kugombeza.

Semeni alinawa mikono, akaketi na fomu yake. Jina la mama akaandika. Jina la mtoto. Akafika penye mstari unaouliza mama aliletwa na nini. Nje, dume lilikuwa limeshaunasa utepe wake kwa meno, linautafuna bila haraka.

Akaandika: "Punda. Mmoja. Dume, jeusi."

Katika karatasi zote zilizowahi kutoka Ukomo kwenda serikalini, ule ulikuwa mstari wa kwanza wa kweli kuhusu punda. Fomu ilirudishwa baada ya wiki mbili, ikiwa imezungushiwa wino mwekundu hapo, na swali pembeni: "Eleza. Punda yupi huyu, na ana uhusiano gani na mama?"